Usikaze bolti za bushi za nyuma gari likiwa linaning'inia

Weka spana chini, kaka, usome hili kabla Jumamosi haijafika.

Umesema una Subaru Forester ya 2003, uko Muyeye hapa Malindi, bushi za mikono ya nyuma (vile viungio vya raba vya vyuma vinavyoshika magurudumu ya nyuma) umeshanunua, na mpango wako nanukuu: "napandisha gari kwa stendi, nafunga kila kitu, nakaza bolti zote kabisa, halafu nashusha." Umeuliza na mengine: bushi za raba au zile ngumu za plastiki, alainimenti (kunyoosha magurudumu) ifanywe lini, ile sauti inayogonga ukipita matuta ya Gede inatoka wapi, na kama gari linaweza kuinuliwa kidogo kwa ajili ya njia za Marafa. Hayo tuyaache kwa siku nyingine. Lakini hiyo sentensi ya mpango wako ndiyo iliyonitoa roho, kwa sababu ndiyo iliyonilia pesa mimi, na sitaki ikulie na wewe.

Nianze kwa herufi kubwa ili asije mtu akasema hakuona. USIKAZE BOLTI YA BUSHI YA RABA GARI LIKIWA LINANING'INIA. Ipitishe bolti, zungusha nati mpaka iguse, iache hapo. Kukaza kwenyewe ni baada ya gari kusimama na kubeba uzito wake.

Na wewe uliyemjibu kwamba haina tofauti, bora ikaze mpaka spana ilie, tafadhali usimponze mwenzio. Tofauti ipo, na nitakueleza iko wapi.

Wengi wetu tunadhani bushi ni beringi ya kimaskini: mkono unapanda, unashuka, bolti inazunguka ndani ya tundu lake, basi. Sivyo. Ichukue hiyo bushi mpya uitazame. Nje kuna bomba la chuma, katikati raba, ndani bomba dogo la chuma ambamo bolti inapita. Raba imegandishwa kiwandani kwenye mabomba yote mawili. Hakuna kinachoteleza pale. Bomba la nje linapigwa presi ndani ya tundu lake. Bomba la ndani linabanwa na bolti kati ya masikio mawili ya chuma, na likishabanwa sawasawa halizunguki tena. Ndiyo sababu mkazo wa bolti hizi ni mkubwa: kazi yake ni kulikamata bomba la ndani lisisogee hata kidogo. Kwa hiyo mkono unapopanda na kushuka, kinachofanya kazi yote ni raba. Inajisokota, inajirudisha. Inajisokota, inajirudisha.

Sasa jiulize: raba hiyo imepumzika wapi? Imepumzika pale pale mkono ulipokuwa wakati nati inakazwa. Ukikaza gari likiwa hewani, magurudumu yanalegea chini, raba itajua kwamba hapo ndipo kwao. Ukishusha gari, mkono unapanda, raba inasokoteka na inabaki imesokoteka. Gari limeegeshwa, wewe umelala, yenyewe ni kama mtu aliyelazimishwa kulala shingo imepinda kila usiku.

Fanya hesabu ndogo. Tuseme mkono una urefu wa sentimita 50, na gurudumu likining'inia linashuka sentimita 10 chini ya pale linapokaa kawaida. Hiyo ni pembe ya digrii 11 na nusu hivi. Kisha ingia shimo linalosukuma gurudumu juu sentimita 8. Bushi iliyokazwa ardhini itasokoteka digrii 9 na kurudi. Iliyokazwa hewani itasokoteka zaidi ya 20, upande mmoja tu, kila shimo, kila tuta. Raba gani itavumilia hayo?

Mimi nabeba samaki. Nina Forester ya umri wa hiyo yako, toleo la SG5, na njia yangu ni Ngomeni, Gongoni, Mambrui, Malindi, mara nyingine mpaka Kilifi. Bushi za nyuma zilikuwa zimekwisha kwa uzee, hilo halina lawama kwa mtu. Nikalipeleka gari kwa fundi. Sitamtaja na msiniulize. Akapandisha, akafungua, akapiga presi bushi mpya, akarudisha mikono, akachukua mashine ya upepo na kukaza nati moja baada ya nyingine, magurudumu yananing'inia. Nilikuwepo. Nilikuwa nimewahi kusikia kwamba hizi hukazwa chini, nikamwambia. Akanijibu, "Bosi, chini spana haipiti, na bolti ni bolti." Alisema kwa sauti ya mtu aliyezaliwa chini ya gari. Nikanyamaza, kwa sababu yeye ndiye fundi na mimi ni mtu wa samaki.

Siku za mwanzo gari lilikuwa gumu nyuma na limesimama juu kidogo. Akasema ni upya, litazoea. Halafu ikaja sauti ya kulia kama mlango wa banda, kila nikipanda tuta. Halafu ikaanza kugonga. Nikachungulia: raba imechanika pembeni, karibu nusu mduara. Bushi mpya! Nikarudi kwake, akazitazama kwa sekunde chache na kutoa hukumu: "Feki hizi. Umeuziwa feki." Muuza spea wa watu akabebeshwa lawama isiyokuwa yake, na mimi nikaenda Mombasa kutafuta za bei ya juu kuliko zote, zile za kwenye boksi lenye jina la kampuni ya gari. Akafunga yeye yule, kwa mashine ile ile, hewani vile vile. Na zenyewe zikachanika pale pale.

Hapo sasa ndipo pesa zilipoanza kutoka kweli. Akaniambia ni shoki, zimekufa, ndizo zinazoua bushi. Nikabadilisha shoki. Akaniambia ni alainimenti. Nikaenda alainimenti juu ya bushi zilizokwisha chanika; kwenye mashine vipimo vikaonekana safi, nikifika barabarani gurudumu linakwenda linakotaka, kwa sababu bushi iliyochanika haishiki kipimo cha mtu yeyote. Wakati huo wote matairi ya nyuma yanaliwa upande wa ndani, kule ambako mtu haoni mpaka apige magoti.

Na hapa wenye magari yanayovuta magurudumu yote manne mnisikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili wenye magari ya kawaida haliwaumizi kama sisi. Kwenye gari la kuvuta mbele tu, tairi mbili za nyuma zikiliwa unanunua mbili, unaendelea. Kwetu sisi katikati kuna kifaa kinachogawanya nguvu kati ya mbele na nyuma. Forester ya gia za mkono ina kifaa chenye mafuta mazito ndani, ya otomatiki ina klachi za sahani. Vyote viwili vimetengenezwa kuvumilia tofauti ndogo ya mzunguko, kama wakati wa kukata kona, halafu vipumzike. Ukivaa matairi ya nyuma mapya na ya mbele yaliyochakaa, tofauti haipumziki. Unakwenda moja kwa moja kwenye lami ya Mombasa, na kile kifaa kinasagika na kupata moto njia nzima. Ndiyo maana wenye Subaru husisitiziwa kwamba mizingo ya matairi manne isipishane zaidi ya milimita 6 hivi. Kwa hiyo sikununua matairi mawili. Nilinunua manne. Kwa sababu ya nati zilizokazwa mahali pabaya.

Weka pamoja bushi za kwanza, bushi za pili, presi, shoki, alainimenti, matairi manne, na siku ambazo samaki walinisubiri ufukweni. Sitaki hata kuandika jumla, nyumbani kwangu kuna wanaosoma hapa.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa gereji ya shimo, si ya jeki. Hakugusa bushi kwanza. Aliniambia niingize gari juu ya shimo lake, likae chini kwa magurudumu yake, akashuka na spana mbili, akaanza kulegeza nati ya mkono wa upande wa kushoto. Ilipolegea tu, ikapiga "tak!" kama kijiti kilichovunjika, na bomba la ndani likazunguka lenyewe mbele ya macho yangu. Bushi ilikuwa imefungwa kwa kusokotwa, ikajifungua. Akalegeza na ya kulia. "Tak!" Akanitazama tu. Nilitamani ardhi ya Malindi ichukue mashine zote za upepo ilizonazo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hili si siri ya wazee. Kitabu cha gereji cha Subaru chenyewe kinasema bushi za raba zikazwe magurudumu yakiwa yamekanyaga ardhi na gari likiwa na uzito wake wa kawaida, bila mzigo. Limeandikwa. Fundi anayekuambia "bolti ni bolti" anakupunguzia wewe maisha ya gari ili yeye apunguze kulala chini kwa nusu saa.

Haya, Jumamosi yako ifanye hivi.

Kabla hujagusa jeki, gari liko chini mahali tambarare, halina mzigo, pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma kwenda juu mpaka ukingo wa bodi. Pima kushoto, pima kulia, andika kwa chaki juu ya bodi hapo hapo. Kipimo hicho ndicho kitakachokuokoa.

Kisha tafuta bolti yenye sahani iliyopishana, yaani isiyokaa katikati, yenye alama za mistari, upande wa ndani wa ule mkono ulio nyuma zaidi kati ya miwili ya pembeni. Hiyo ndiyo inayopeleka gurudumu ndani au nje. Piga alama ya rangi juu ya sahani na juu ya chuma kinachoishika kabla hujailegeza. Ukiisahau alama hiyo, utaendesha gari likienda upande kama kaa wa baharini mpaka kwa mtu wa alainimenti. Na wakati wa kukaza, shikilia kichwa cha bolti, zungusha nati. Ukizungusha kichwa umeharibu kipimo.

Ukisharudisha mikono, nati zote ziguse tu. Usiongeze hata robo kwa sababu unaogopa itadondoka, haitadondoka. Vaa gurudumu, shusha gari. Halafu usikimbilie kukaza. Gari likishuka kutoka jeki matairi yanakanyaga yakiwa yamejibana kwa ndani, na nyuma inabaki imesimama juu kuliko kawaida. Lisukume mbele na nyuma mita chache, likandamize kwenye buti mara kadhaa, kisha rudia kipimo chako cha chaki. Kikirudi pale pale, sasa ndiyo kaza.

Utaniambia chini hapapitiki. Ni kweli, nyuma ya Forester kuna difu, kuna ekseli mbili, kuna ekzosi, mkono wa toki renchi (spana inayopima mkazo) unatafuta njia. Njia bora ni shimo. Mwenye shimo atakutoza kidogo kwa nusu saa, mlipe. Ya pili ni rampu za chuma za kupanda magurudumu yote mawili ya nyuma, ya mbele yamewekewa kabari. Ya tatu, kama huna jinsi kabisa: gari liko kwenye stendi, weka jeki chini ya kile chuma kinachobeba beringi ya gurudumu, si chini ya mkono, ukapandishe polepole mpaka kipimo cha chaki kirudi. Gari likianza kuiachia stendi, simama hapo, usijaribu kupata milimita za mwisho ukiwa chini yake. Na jeki peke yake bila stendi, kaka, usiingie chini. Bushi zinauzwa dukani, wewe huuzwi.

Sasa chumvi, kwa sababu sisi si watu wa Nairobi. Ile bolti ndefu inayopita kwenye chuma cha beringi, inayoshika mikono miwili ya pembeni kwa pamoja, itakuwa imeoana na mabomba ya ndani ya bushi. Gari lililokaa pwani miaka mingi, bolti hiyo haitoki kwa kubembelezwa. Anza kuimwagia mafuta ya kulegeza kutu Alhamisi, rudia Ijumaa. Nati ikitoka na bolti ikagoma, usiipige nyundo kwenye thredi mpaka ikachanua kichwa. Rudishia nati juu yake kwanza. Ikikataa kabisa, ikate kwa greinda kati ya mkono na chuma, maana bushi unazitupa hata hivyo. Kwa hiyo kabla ya Jumamosi uwe na bolti ndefu mpya mbili mkononi, na nati mpya zote. Nati hizi zimetengenezwa zijibane zenyewe, zikishafunguliwa mara moja nguvu yake imepungua.

Unaporudisha bolti mpya, paka grisi ya kuzuia kutu kwenye mwili wake, pale inapopita ndani ya bomba. Thredi ziache kavu. Mkazo ulioandikwa kitabuni ni wa thredi kavu. Ukizipaka mafuta, renchi itasoma namba ile ile lakini bolti itakuwa imevutwa kupita kiasi.

Na namba yenyewe, itoe kwenye kitabu cha gari lako, kwa kila bolti na yake, kwa sababu ile ya mkono wa mbele na ile ndefu si sawa. Usichukue namba ya mtu hapa, hata yangu. Angalia pia kipimo cha renchi yako. Kuna renchi zinazosoma Nyutoni-mita, kuna zinazosoma futi-paundi, na vitabu vya Kijapani vina kilo kwa mita pia. Kilo moja kwa mita ni Nyutoni-mita 9.8. Futi-paundi moja ni kama 1.36. Kitabu kikisema 100 za Nyutoni-mita, wewe ukaweka 100 kwenye renchi ya futi-paundi, umekaza 136. Bolti itanyamaza siku hiyo, itakusemesha siku nyingine ukiwa mbali.

Ukimaliza endesha taratibu, na baada ya kilomita mia chache rudi juu ya shimo, gari likiwa chini vile vile, upitishe toki renchi tena. Kama huna toki renchi, mimi ninayo, niko Shella hapa Malindi, njoo uichukue baada ya Alasiri.

Na wengine mnaosoma, mliofungiwa bushi hivi karibuni na mkaona gari limesimama juu nyuma au linalia: msikimbilie kununua nyingine. Kama raba haijachanika bado haijaharibika kitu. Ingizeni gari juu ya shimo, likae kwa magurudumu yake, mlegeze nati za bushi moja moja, isipokuwa ile yenye sahani ya kupishana mpaka mmeiwekea alama. Mkisikia "tak!", mjue ilikazwa hewani. Lisukumeni gari mbele na nyuma litulie, kisha mkaze kwa namba ya kitabu.